Land Rover 109 ya marehemu baba au Land Cruiser ya mnada: ipi itahimili mwalo na mbuga?

Mwana wa Magu:

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu habari zenu. Ninaishi Buzuruga, hapa Mwanza, na kazi yangu ni kununua dagaa waliokaushwa katika mialo, yaani sehemu za ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki, ya Kayenze na Kisorya na kuwaleta Kirumba Mwaloni. Hadi sasa ninakodi gari, na fedha ninayowalipa wenye magari kila wiki imenifanya nitafute gari langu mwenyewe.

Nyumbani Magu, chini ya mwembe, kuna Land Rover 109 Series III ya marehemu baba, ambaye alikuwa bwana shamba wa pamba. Aliinunua katika mnada wa magari ya serikali, akaiendesha mpaka macho yalipomkatalia, na tangu hapo haijawashwa. Huu ni mwaka wa tisa. Ni ya petroli, nyuma ina turubai, na tairi zote nne zimekwisha upepo. Mwezi uliopita alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu, akapitisha sumaku ubavuni, mlangoni na juu ya boneti, na sumaku haikushika popote. Hapohapo akapandisha bei aliyokuwa ameitaja, jambo lililonifanya nihisi kwamba anajua kitu nisichokijua. Mama alimwomba aende kwanza, tutamwita.

Upande mwingine nimeonyeshwa Land Cruiser pikapu, HZJ75, yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ambayo nayo ilitoka mnadani. Bei yake itameza akiba yangu yote pamoja na mkopo wa kikundi. Imepakwa rangi vizuri, ina mkonga (lile bomba la hewa ya injini linalopanda juu ubavuni), na iliwaka kwa mguso mmoja.

Ninaomba ushauri wa watu waliomiliki magari haya huku kwetu, ambako asubuhi gari linakanyaga mchanga wa mwalo na jioni linakutana na udongo mweusi wa mbuga, ule wa mabondeni unaonata ukilowa. Je, nilifufue gari la baba, au nimwite yule wa vyuma chakavu na kuongezea fedha yake kwenye Land Cruiser?

Fundi Mstaafu, Nyakato:

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzazi. Usimwite mtu wa vyuma chakavu kabla hujasoma haya hadi mwisho.

Nianze na ile sumaku, kwa sababu ndani yake kuna asili ya gari lako. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na Jeep ya kijeshi shambani kwake Anglesey, huko Wales, na mwaka 1947 alichora kwenye mchanga wa ufukweni umbo la gari ambalo mkulima angeweza kulitumia kwa safari na kwa kazi. Wakati huo chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgao, kwa hiyo bodi ikaundwa kwa mchanganyiko wa alumini, na chuma kikawekwa pale tu kilipohitajika, hasa kwenye chasisi. Gari lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, nalo lilikusudiwa kuziba pengo kwa miaka michache mpaka biashara ya magari madogo itakapochangamka. Pengo lenyewe liliendelea kuzibwa hadi tarehe 29 Januari 2016, siku ambayo Defender, kama Land Rover hiyo ilivyokuja kuitwa baadaye, ya mwisho ya umbo lile la zamani ilitoka kiwandani Solihull. Series III kama ya baba yako ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na hiyo namba 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Kwa hiyo yule mnunuzi alipoona sumaku haishiki, alijua amepata alumini, na alumini ina bei nzuri kwa kilo kuliko chuma.

Sasa nije kwenye jambo linalowaponza wengi. Alumini haili kutu kama chuma, na mtu akiona ubavu mzima hudhani gari lote ni zima. Chasisi ya gari hilo ni mabamba ya chuma yaliyounganishwa kwa kuchomelewa yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Tope na mchanga mbichi huingia kupitia matundu, hukaa humo misimu na misimu, na kutu hula kutoka ndani kuja nje, ukiwa hujui lolote. Msidanganyane kwamba maji ya ziwa hayana chumvi na kwa hiyo hayadhuru. Chuma kinachokaa na mchanga mbichi mwaka mzima kinaoza hata pasipo chumvi. Kwa gari lililokaa chini ya mwembe kuna hatari nyingine, maana majani hujaa kwenye kona na kushika unyevu. Pale alumini inapogusana na chuma chenye unyevu, ni alumini ndiyo inayoliwa, na utaona unga mweupe ukichungulia chini ya rangi.

Nenda Magu na bisibisi kubwa na nyundo ndogo, lala chini ya gari, ugonge chasisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia kama kengele, kilichooza kinatoa sauti butu kama debe lenye mchanga. Panapolia vibaya, sukuma bisibisi kwa nguvu zako zote. Anzia kwenye boriti ya nyuma inayoshika bampa, kisha mahali springi zinapofungwa, kisha mikono ya pembeni inayobeba bodi, na mwisho ile sehemu ya chuma ambapo dereva anaweka miguu. Rangi, taa, viti na hata injini vinarekebishika kwa fedha ya kawaida, lakini chasisi ikiwa imeoza mahali springi zinaposhikilia, utatumia fedha nyingi na bado utalala na hofu.

Usijaribu kuwasha injini. Toa plagi nne, mimina oili kidogo katika kila silinda, iache siku mbili, kisha uizungushe kwa hendeli ya mkono polepole. Petroli ya miaka tisa imwagwe yote. Ukiwa ndani, tazama vile virungu viwili vifupi kando ya mkono wa gia: cha njano ukikikandamiza chini, magurudumu ya mbele yanaanza kuvuta, na chekundu ukikirudisha nyuma, unapata gia nzito za kupandia. Vikikwama usivilazimishe, maana mara nyingi ni grisi iliyoganda tu.

Mama Dagaa, Igombe:

Shikamoo Mzee Fundi. Mwana wa Magu, karibu katika biashara yetu, nami nakujibu kama mtu anayemiliki gari la aina unayotaka kununua, kwa kuwa nina HZJ75 mwaka wa kumi na moja sasa.

Sifa zake ni za kweli. Injini ya 1HZ ina silinda sita na ukubwa wa lita 4.2, haina tabo ya kusukumia hewa, na pampu yake ya dizeli inafanya kazi kwa vyuma pasipo kompyuta yoyote, kwa hiyo fundi wa Sengerema au wa Bunda anaweza kuifungua na kuifunga bila kukutuma mjini. Nikiwa na mzigo wa magunia haikimbii, lakini haichoki. Tairi ni zile za 7.50 kwa rimu ya 16, ambazo kila duka la tairi Mwanza linazijua, na ambazo hata Land Rover ya baba yako inavaa.

Hata hivyo kuna mambo mawili ambayo muuzaji hatakwambia. La kwanza ni mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu na pistoni za injini ziende kwa zamu. Katika dashibodi kuna taa iliyoandikwa T-BELT, ambayo huwaka gari likifika kilomita laki moja ili mkanda ubadilishwe. Dereva wangu aliizoea ile taa, akaiona kama pambo, nami sikuwa na desturi ya kuchungulia dashibodi. Mkanda ulikatika tukiwa tunatoka Ngudu na mzigo, valvu zikagonga pistoni, na nilikaa bila gari kwa wiki sita. Lawama ni yangu na ya dereva, gari lilikuwa limekwishatuonya. Kwa hiyo uliza mkanda ulibadilishwa lini, na kama hakuna jibu linaloeleweka, ukiinunua leo, badilisha kesho.

La pili ni maji. Kuna vijana wanaodhani gari lenye mkonga limepewa ruhusa ya kuogelea. Mkonga unainua mdomo wa hewa ya injini, basi. Difu, yaani lile boksi la gia katikati ya ekseli, na vikombe vya magurudumu havijui habari hiyo. Gari likitoka safari difu inakuwa ya moto, ukiliingiza ziwani inapoa ghafla na kuvuta maji kupitia tundu lake la kupumulia. Nilifungua nati ya difu yangu siku moja nikakuta oili imekuwa nyeupe kama uji wa mtama uliotiwa maziwa. Tangu hapo, mzigo unabebwa kwa vichwa hadi nchi kavu, na gari langu halikanyagi maji.

Ukibeba sangara wa barafu au dagaa waliotiwa chumvi, tandika turubai zito na osha chini ya bodi kwa maji safi jioni ileile. Yale maji yanayochuruzika ndiyo yanayokula sakafu na chasisi, nayo hayachagui Toyota wala Land Rover.

Mwalimu wa Nansio:

Nachangia kidogo kuhusu asili ya hili gari la pili, kwa kuwa mzee ameieleza ile ya kwanza vizuri. Haya magari ni kama ndugu wa mama mmoja, kwa sababu Toyota nayo ilianza kwa kuifuata Jeep. Mwaka 1951 ilitengeneza gari lililoitwa Toyota Jeep BJ, likiwa na injini ya lori, na dereva wake wa majaribio, Ichiro Taira, alilipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina la Jeep lilikuwa mali ya wengine, hivyo mwaka 1954 likabadilishwa kuwa Land Cruiser, na aliyelichagua, Hanji Umehara, alitaka jina lisilopungua heshima mbele ya Land Rover. Jamii ya 70, ambamo HZJ75 imo, ilianza mwaka 1984, na injini ya 1HZ ilikuja mwaka 1990.

Huku visiwani jina la Land Rover lina mizizi kiasi kwamba pikapu ya polisi bado tunaiita Defender hata ikiwa imeandikwa Toyota nyuma.

Mchimbaji, Geita:

Wakuu, mimi ninatofautiana kidogo. Kijana anahitaji kipato wiki hii, na petroli ya 109 itammaliza. Niliwahi kuwa na gari kama hilo, nikipata kilomita tano au sita kwa lita. Dizeli ya 1HZ ikiwa na mzigo inanipa saba, wakati mwingine nane. Siku hizi ukipita Daraja la J.P. Magufuli kutoka Kigongo hadi Busisi hakuna tena kusubiri kivuko, kwa hiyo mtu mwenye gari la uhakika anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Anunue Land Cruiser, na gari la baba lisubiri zamu yake.

Mwana wa Magu:

Nawashukuru nyote. Jumamosi nilikwenda Magu na bisibisi, na mdogo wangu akashika tochi. Boriti ya nyuma imekwisha: bisibisi ilizama hadi kwenye mpini, na kutu ikamwagika usoni kwangu pamoja na majani makavu. Lakini mahali pote springi zinaposhikilia panalia kama kengele, na chasisi kutoka mbele hadi katikati ni nzima. Sakafu ya upande wa dereva ina tundu linaloweza kupitisha ngumi. Jana nilirudi, nikaingiza hendeli, na injini ikazunguka. Mama alitoka jikoni aliposikia ule mlio wa pistoni zikivuta hewa, akasimama pale mpaka nilipomaliza.

Jumatatu nilikwenda kuiona Land Cruiser kwa mara ya pili na nikaomba nilale chini yake. Chasisi yote imepakwa lami nyeusi, mpya kabisa, na nilipogonga karibu na springi ya nyuma kushoto, sauti ilikuwa ya debe. Nilitaka kukwangua, mwenyewe akakataa, akasema nitaharibu rangi. Kuhusu mkanda wa taimingi alisema ulibadilishwa, lakini hakukumbuka mwaka wala fundi.

Mzee, nifanyeje?

Fundi Mstaafu, Nyakato:

Hiyo Land Cruiser iache. Mtu anayepaka lami mpya kwenye chasisi ya gari la kuuza, kisha anakataza isikwanguliwe, amekwishakujibu. Endelea kukodi huku ukitafuta 1HZ nyingine yenye chasisi iliyo wazi, hata kama bodi yake imepondeka, maana Mchimbaji amesema kweli kuhusu petroli na mzigo wa kila siku.

Gari la baba lisiuzwe kwa kilo. Boriti ya nyuma inakatwa na kuchomelewa nyingine ya bamba la milimita tatu, kazi ya siku mbili kwa fundi mwenye mkono mzuri, na tundu la sakafu ni la nusu siku. Kabla ya kulivuta kuja Nyakato, inua kila gurudumu kwa jeki na ulizungushe kwa mkono, kwa sababu breki za miaka tisa hunata kwenye ngoma, na ukilivuta hivyo utaunguza beringi kabla hujafika Igoma. Gurudumu litakaloshindikana kuzunguka, vua ngoma hapohapo Magu. Tena njoo na hiyo hendeli, usiisahau nyumbani.