Naomba ushauri: redio imemwita mwanangu "mgonjwa"

Asalaam aleykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Mwanangu ana miaka 6 na ana usonji (autism). Hasemi sana, lakini tukianika karafuu huja akazipanga moja moja ukingoni mwa jamvi, vichwa vyote upande mmoja, na ukiigusa moja anajua.

Tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, redio moja ilitangaza habari za "ugonjwa unaowatesa watoto" na "wahanga wa usonji". Nia yao naamini ilikuwa njema. Lakini jioni ile ile jirani alimwita mwanawe aondoke uani kwangu, na wiki iliyofuata mwalimu wake wa chuoni (madrasa) akaniuliza kwa upole kama unaambukiza. Hauambukizi! Usonji ni namna ubongo ulivyokua, mtu huzaliwa nao. Mwengine kanambia unaletwa na chanjo, wakati utafiti wa 1998 uliozusha maneno hayo, jarida lenyewe lililouchapisha liliufuta 2010.

Nataka kuwaandikia watangazaji waseme "mtoto mwenye usonji", wasiseme mgonjwa wala mhanga, na siku nyengine wamhoji mzazi au mtu mzima mwenye usonji mwenyewe. Je, niandike barua au niende studio? Aliyewahi kufanya hivi alianzaje, wasione nawalaumu? Na yule jirani nimwambie nini? Mwanangu bado anasimama mlangoni saa kumi kumngoja mwenzake.