Gego la mwisho na safari ya nyumbani

Assalaam alaykum, wazee wangu na ndugu zangu.

Mimi ni mtu wa Wete, ninaishi Leicester, Uingereza. Gego langu la mwisho la chini limekwama nusu ndani ya ufizi na limeshavimba mara mbili. Mara ya kwanza daktari alilisafisha akasema tusubiri. Safari hii anasema ling'olewe. Nina hofu kubwa ya kiti cha daktari wa meno tangu udogoni, hata usiku wa kuamkia miadi sipati usingizi. Kwa kuwa Juni, inshaallah, ninakuja Pemba kwa wiki mbili, nimefikiria nivumilie nije niling'oe nyumbani, ambako nitajieleza kwa lugha yangu na mama atakuwa karibu. Naomba ushauri wenu.

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Nimefanya kazi miaka mingi nikiwasaidia madaktari wa meno hapa Unguja. Sikukatazi kwa kuwadharau madaktari wetu. Ninachokiogopa ni tarehe za safari yako. Gego lililokwama mara nyingi haling'oki kwa koleo peke yake: ufizi hupasuliwa, pengine mfupa hupunguzwa na jino hukatwa vipande, kisha pakashonwa. Maumivu ya kawaida hupungua siku hadi siku, lakini donge la damu linaloziba tundu likitoka mapema, mfupa hubaki wazi, na siku ya tatu hivi huanza maumivu makali yanayopanda mpaka sikioni. Mtu wa wiki mbili, ambaye ya kwanza humalizikia kwa kuzuru jamaa, hayo humkuta akifunga mizigo. Tena jino lililokwisha kuvimba mara mbili halina ahadi ya kutulia mpaka Juni. Ling'oe huko, uje kwetu umepona.

Hofu yako mwambie daktari kabla hujakaa kitini. Wengi huificha, wakakaza mikono na kufumba macho, na daktari akadhani wametulia. Patana naye ishara: ukiinua mkono wa kushoto, anasimama. Mwombe apake dawa ya ganzi kwenye ufizi kabla ya sindano, kisha angoje mpaka mdomo wa chini na upande wa kidevu vife ganzi kabisa. Ganzi huondoa maumivu, haiondoi msukumo. Utahisi taya linasukumwa, na utasikia jino likialika kwa mlio mkubwa, kwa kuwa sauti hupita kwenye mfupa hadi sikioni. Mlio huo nilikuwa nikiwaeleza wagonjwa mapema, maana asiyeujua hudhani taya limevunjika.

Siku ya kwanza usisukutue wala usinywe kwa mrija. Siku ya pili anza maji ya vuguvugu yenye chumvi. Boko boko lililopoa litakufaa sana. Mama yako, kama mama yeyote wa Pemba, atataka kukupelekea mafuta ya karafuu. Kweli yanatuliza, na madaktari nao hutumia dawa yenye karafuu kwa tundu lililobaki wazi, lakini mafuta yenyewe usiyatie kwenye kidonda, yataunguza nyama.

*

Dada yangu, nami niko Uingereza, na ninaunga mkono maneno ya mama yetu wa Unguja.

Daktari wako hakujipinga. Mwongozo wa mwaka 2000 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huku, unasema gego lisilo na ugonjwa lisiguswe, na kwamba uvimbe wa mara ya kwanza, usipokuwa mkali sana, hautoshi kuwa sababu ya kung'oa. Uvimbe ukirudi ndipo kung'oa hufikiriwa. Mwombe akuoneshe kwenye picha ya eksirei jinsi mizizi ilivyokaribiana na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya, kwa sababu mshipa huo ukiguswa, mdomo unaweza kubaki na ganzi, ingawa kwa wengi hisia hurudi.

Mkalimani wa NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, mgonjwa hamlipii. Mwombe unapopanga miadi. Uliza pia kuhusu dawa ya kutuliza, ama gesi ya kuvuta puani ama midazolamu ya sindano ya mshipani. Ya sindano haikulazi usingizi kamili, lakini lazima uwe na mtu mzima wa kukurudisha nyumbani, na huendeshi gari kwa saa 24. Kama huna wa kukusindikiza, niandikie faragha, mimi na mke wangu tutakuja kukuchukua.