Drakengard 2: Joka wameliweka kwenye jalada, mchezaji wamemwachia kutembea kwa miguu

Wakuu, heshima yenu. Nimesubiri hasira ipoe ndipo niandike, haikupoa, kwa hiyo naandika nayo. Kila anapojitokeza mtu kuuliza ni gemu gani la kupanda majoka linalofaa kuchezwa kwenye PlayStation 2, hajamaliza swali lake ameshajibiwa Drakengard 2, tena kwa sifa nzito za vita vya angani na moto unaoteketeza majeshi. Nilizifuata sifa hizo nikalicheza mpaka mwisho wake wa kwanza, katika kibanda kimoja cha gemu huku kwetu Ngamiani, Tanga, na sasa nataka waliozitoa wazitetee mbele ya watu. Lalamiko langu ni moja, na yote yanayofuata yanatokana na hilo: hili ni gemu la joka lenye uchoyo wa joka.

Kwa ambao hawakulicheza la kwanza, nieleze kwa kifupi. Drakengard ya kwanza ilitoka Japani mwezi Septemba 2003, ikiwa imetengenezwa na studio ya Cavia chini ya uongozaji wa Yoko Taro. Kijana aitwaye Caim anajeruhiwa jeraha la kufa, anamkuta Angelus, joka jekundu lililofungwa minyororo nalo likiwa taabani, na wawili hao wasiopendana hata kidogo wanafunga agano la kuunganisha roho ili wote wapone. Agano lina bei yake, na Caim analipa kwa sauti yake: tangu hapo hatamki neno, na anayesema ni joka. Halikuwa gemu la kupendeza. Mapigano yake ya ardhini yalichosha, muziki wake ulikuwa wa vipande vya okestra vilivyokatwakatwa na kurudiwa mpaka kichwa kiume, na miisho yake mitano ilizidi kuwa ya kutisha kadiri ulivyoendelea, huku wa mwisho ukikutaka kwanza ukusanye silaha zote 65. Hata hivyo lilijua linataka nini. Ulipompanda Angelus uliielewa chuki yake kwa binadamu, ulielewa pia kwamba bila yeye ungekuwa maiti, na uhusiano huo ulikua mikononi mwako, haukuwa wa kusimuliwa.

La pili lilitoka Japani Juni 2005, likafika Marekani na Ulaya mwanzoni mwa 2006 chini ya kampuni ya Ubisoft. Uongozaji haukuwa tena wa Yoko Taro bali wa Akira Yasui, na mabadiliko hayo yanaonekana tangu dakika za mwanzo, kwa sababu rangi zimeng'aa, muziki umetulia, na shujaa ni kijana mwema mwenye maswali mema. Sina ugomvi na wema. Hadithi yenyewe, kwa maandishi, ni nzuri kuliko wengi wanavyokiri: imepita miaka 18 tangu vita vya kwanza, Angelus amegeuzwa kuwa muhuri unaoishikilia dunia isisambaratike, na jeshi la watunza mihuri linaheshimiwa na wote mpaka shujaa wetu, Nowe, anapogundua kwamba mihuri hiyo inalishwa roho za watu wasio na hatia. Nowe huyu aliokotwa akiwa mchanga akalelewa na joka la bluu liitwalo Legna. Hebu fikirini mtunzi amepewa malighafi kama hiyo, joka ambalo si chombo cha vita tu bali ni mzazi, na mpanda joka ambaye amekulia mgongoni mwa baba yake.

Malighafi hiyo wameichezea. Misheni nyingi za gemu hili zinakuweka ardhini, ukipita kwenye ngome, mapango na vijia, ukikata askari wa sura moja wanaojitokeza kwa makundi, unafungua lango, unakata wengine, unafungua lango jingine. Zipo misheni za angani tupu, na zipo zile za uwanjani ambamo unaweza kumwita Legna ukawachoma maadui kutoka juu, na hapo ndipo gemu linapoamka: unatema moto wa moja kwa moja, au unashikilia kitufe mpaka maadui kadhaa wanaswe kwenye shabaha kisha unaachia makombora yanayowafuata yenyewe. Ni dakika tamu. Lakini ukishaanza kuzoea namna ya kumgeuza hewani, misheni imekwisha na umerudishwa ndani ya ngome, mahali ambapo mwili wa joka hauingii, na ukumbuke kwamba waliozichora ngome hizo ndio haohao waliolichora joka. Ni kama kukodi jahazi la kwenda Pangani, halafu nahodha akushushe Raskazone na kukuambia ufuate ufukwe kwa miguu, yeye atakupitia mbele ya safari. Watoto waliokuwa wakingoja zamu pale kibandani, ambao walisogea kwa sababu walisikia kuna joka, walinivumilia kwenye ngome mbili tatu kisha mmoja akauliza, "Ami, mbona joka lenyewe hulipandi?" Sikuwa na jibu la kumpa, na wakarudi kwenye mpira wao.

Badala ya anga, wametuletea wahusika wanne wa ardhini wanaobadilishwa kwa kubadili silaha: ukishika upanga wewe ni Nowe, ukishika mkuki anatokea Eris, fimbo ya uchawi ni ya Manah, shoka ni la Urick. Wazo si baya, na Urick peke yake angetosha kubeba gemu zima. Ila kazi yote iliyotumika kuwatofautisha hao wanne imetumika kulipamba lile eneo ambalo mfululizo huu tangu mwanzo haukuwa na umahiri nalo, na eneo pekee ambalo ulikuwa na kitu cha kujivunia likaachwa karibu kama lilivyokuwa. Kwa mwendelezo, hilo ndilo kosa kubwa.

Sasa tuje kwenye miisho, maana hapa ndipo nilipotaka kuirusha padi. Gemu lina miisho mitatu, na ili uuone wa pili huna budi kuanza upya tangu ukurasa wa kwanza kwa ugumu uliopandishwa, na ukiutaka wa tatu unarudia tena kwa ugumu uliopanda zaidi. Kwenye la kwanza ulikuwa na ramani, ukachagua sura uliyotaka kuirudia, ukatimiza sharti na njia mpya ikafunguka. Hapa unarudishwa kwenye ngome zilezile, malango yaleyale, askari walewale, isipokuwa sasa wanachelewa kufa. Ugumu wa namna hiyo hauhitaji akili ya mchezaji, unahitaji muda wake, na wenzetu wenye mashine sebuleni wanaweza kuona ni jambo dogo, lakini sisi wa vibandani muda ni hela kwa maana halisi. Unalipia kwa saa. Kadi ya kumbukumbu ni moja, ya megabaiti 8, inagawanwa na mtaa mzima, na wachezaji wa mpira hawaoni haya kufuta safari yako ili ligi zao zipate nafasi. Umeme nao ukikatika kabla hujahifadhi, umekatika na misheni yako. Najua Wajapani hawakulitengeneza gemu wakikifikiria kibanda cha Ngamiani, na siwadai hilo. Ninachodai ni kwamba anayetaka nirudie safari nzima mara tatu anipe angalau kitu cha kurudia, na kitu hicho alikuwa nacho, kina mabawa, akakiweka akiba.

Ambaye hajamaliza na hataki kujua, airuke aya hii. Mwisho wa kwanza unawakutanisha Nowe na Legna wakiwa maadui: joka lililomlea lina mipango yake na jamii ya majoka, Nowe anaikataa, na inakubidi umpige aliyekulea. Kwa karatasi, hakuna jambo zito kuliko hilo katika gemu lolote la joka. Nilipofika pale nilitaka kuumia, lakini nilijikuta nahesabu tu mapigo yaliyobaki, kwa sababu muda mwingi wa safari Legna alikuwa sauti inayonisemesha kwenye video za katikati ya misheni. Huwezi kuniliza kwa kifo cha mwenzangu ambaye umenizuia kukaa naye. Angelus aliniuma kwenye la kwanza, na Angelus alikuwa na kiburi, matusi na dharau kwa kila mwenye miguu miwili. Tofauti ni kwamba na Angelus tuliruka sana.

Najua utetezi utakaokuja. Mtasema gemu ni la zamani na mashine ile ilikuwa na uwezo mdogo. Panzer Dragoon ilitoka mwaka 1995 kwenye Sega Saturn, mashine dhaifu kuliko PlayStation 2, na haikumshusha mchezaji mgongoni mwa joka: ni anga mwanzo mpaka mwisho, na kila adui amepangwa kwa kuzingatia kwamba unaruka. Wengine mtaniletea Lair ya mwaka 2007 kwenye PlayStation 3 mkiniambia nishukuru, na hapo nakubali kwamba kuliongoza joka kwa kuinamisha padi ilikuwa adhabu, mpaka waliotengeneza wakatoa marekebisho mwaka uliofuata ili vijiti vya kawaida vitumike. Lakini wale walishindwa wakijaribu kukupa joka.

Kwa hiyo naomba mjadala uwe wa vielelezo. Anayeendelea kuliita hili gemu bora la kupanda majoka aje hapa atutajie misheni za Legna angani moja baada ya nyingine, aseme kila moja ina jambo gani jipya ambalo iliyotangulia haikuwa nalo, halafu aziweke kando ya misheni za ngome. Asiyeweza kufanya hivyo aache kuwashauri vijana walipie saa za kibanda kwa ajili ya jalada. Na kama kuna mwenye kulifahamu gemu jingine la PlayStation 2 ambalo joka linapandwa kwa muda mrefu kuliko linavyosimuliwa, alitaje, kwa sababu wale watoto bado wananidai.