Juliane na Marianne: nani alimkosea mwenzake?

Mama Ngamiani, Tanga: Hamjambo wapenzi. Juzi usiku nimetazama filamu ya Kijerumani *Die bleierne Zeit* ya Margarethe von Trotta, iliyoshinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu kule Venice, mwaka 1981. Ni dada wawili: Juliane mwandishi, Marianne kashika silaha mpaka kafungwa. Pale gerezani wanapobadilishana sweta, kila mmoja akavaa la mwenzake, nililia. Mimi na dada yangu hatusemeshani tangu arobaini ya mama, sababu ya nyumba. Kanga yake bado ninayo, inanukia udi. Hivi Juliane alikuwa na deni gani la kumfuata vile?

Jibu: Pole shoga. Marianne ndiye mkosaji. Mtoto mdogo kamwachia nani? Hapo mie simsamehi.

Jibu: Dada, mimi namwonea huruma Juliane. Mdogo wake kafa, yeye bado anatafuta ukweli, mpaka mpenzi wake Wolfgang kamwacha. Lakini ningekuwa yeye, ningefanya vilevile.

Mama Ngamiani: Ahsanteni. Kanga nimeikunja. Kesho alfajiri napanda daladala ya Pongwe, nampelekea mwenyewe.