Mnamwajiri mhandisi mhitimu, mnampa daftari la kuhesabu bodi mbovu, kisha lawama zote zake: acheni huu uhuni

Wakuu, mods naomba msihamishie huu uzi kule kwenye jukwaa la ajira. Wahusika wako humu humu.

Kila mwaka wimbo ni uleule: wahitimu wa siku hizi weupe, hawajui kitu. Wanaouimba ni mameneja wa viwanda vya kuunganisha vifaa vya elektroniki: mita, taa za sola, ving'amuzi, simu. Tangazo linataka mhitimu mwenye uzoefu wa miaka 3 (kaupatia wapi, tumboni?). Cheo kinaandikwa kwa herufi kubwa, MHANDISI WA UZALISHAJI. Akiripoti anakabidhiwa daftari na kalamu, akae mwisho wa laini ya uzalishaji ahesabu bodi za saketi zilizofeli. Siku ubovu ukipanda, anaitwa ofisini ajieleze.

Ajieleze nini? Mashine ya kuchapa solda (madini ya kuunganishia vifaa kwenye bodi) haruhusiwi kuigusa. Mipangilio ya oveni ya kuyeyushia hiyo solda imefungwa kwa nywila ya fundi aliyekuja kufunga mashine, akapanda ndege nayo.

Tuongee kazi yenyewe basi, tuone mjinga ni nani. Sehemu kubwa ya ubovu wa laini ya SMT (ya kubandika vifaa juu ya uso wa bodi) inazaliwa kwenye uchapaji, kabla hata kifaa kimoja hakijawekwa juu ya bodi. Solda ya pesti, yaani ya uji mzito, inakaa kwenye friji, nyingi ni kati ya 2 na 10 °C. Kopo linatakiwa litolewe mapema, masaa 4 hivi kabla ya kazi, na likae limefungwa mpaka lifikie joto la chumba. Kinachofanyika shifti ya usiku mnakijua: pesti imeisha, kopo linatolewa, linafunguliwa palepale, linamwagwa kwenye stensili (bati lenye matundu ya kupitishia pesti ishuke kwenye bodi). Unyevu wa hewa ya Dar ukikutana na pesti baridi unageuka maji. Maji yale yakifika kwenye oveni yanachemka na kurusha vijipunje vya solda kila kona, vingine vinatua katikati ya miguu ya IC (chipu). Shoti. Kwenye daftari mhitimu anaandika "shoti" na idadi, basi. Kopo lenyewe halina hata kibandiko cha saa lilipotoka, sasa chanzo atakijulia wapi?

Njoo kwenye stensili. Tundu la duara lenye kipenyo cha 0.3 mm kwenye stensili ya unene wa 0.12 mm: gawa kipenyo kwa mara 4 ya unene, unapata 0.625. Kanuni inayotumika kote ni angalau 0.66, chini ya hapo pesti inang'ang'ania kwenye kuta za tundu badala ya kushuka kwenye bodi. Stensili ya 0.10 mm inakupa 0.75, tatizo limeondoka. Hesabu ya mstari mmoja! Mhitimu yeyote anaiweza akipewa mchoro wa stensili. Hapewi. Mchoro uko kwa mtu wa manunuzi, ambaye aliagiza 0.12 kwa sababu ndiyo iliyoagizwa mwaka jana.

Na uchapaji ukiharibika, bodi inakwanguliwa kwa spachula na kurudishwa kwenye laini. Pesti inabaki ndani ya vitundu vya bodi, baadaye inatoka kama vijipunje. Bodi ya hivyo inatakiwa ioshwe kwa dawa yake, ikauke, ikaguliwe pande zote mbili.

Oveni ndiyo aibu kubwa zaidi. Solda ya SAC305, ile isiyo na risasi, inaanza kuyeyuka 217 °C. Bodi inatakiwa ifike kilele cha kama 235 hadi 250, na ikae juu ya 217 kwa sekunde 45 hadi 90 hivi, kutegemea karatasi ya mtengenezaji wa pesti. Hizo ni nyuzi za BODI, siyo namba zinazong'aa kwenye kioo cha oveni. Kuzijua lazima ubandike vipima joto kwenye bodi yenyewe: ukingoni, katikati, na kwenye mguu wa kifaa kizito kuliko vyote, maana koili kubwa inanyonya joto wakati kapasita ndogo ya jirani imeshaiva. Kila aina ya bodi ina kipimo chake. Kuna viwanda vinapitisha bodi ya mita na bodi ya taa kwa mpangilio mmoja, kisha mnashangaa viungo vimepauka na havijashika.

Chipu za MSL 3 (daraja la chipu zinazodhurika na unyevu) ndiyo usiseme. Mfuko ukishafunguliwa zina masaa 168 kwenye chumba kisichozidi 30 °C na unyevu wa 60%. Pwani bila AC hapo umeshavuka siku ya kwanza. Unyevu unajificha ndani ya chipu, kwenye oveni unakuwa mvuke, chipu inapasuka kwa ndani. Wakati mwingine inafaulu majaribio vizuri tu, inakufa kwa mteja. Na msikimbilie kuoka kwa 125 °C chipu zikiwa kwenye rili (gurudumu la mkanda wa plastiki unaozibeba), plastiki itajikunja. Rili inaokwa kwa 40 °C, siku kadhaa.

Sasa unganisha haya na SEAP, mpango wa mafunzo kazini wa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi). Mhitimu ana miaka 3 ya kujifunza chini ya mhandisi aliyesajiliwa, na anaandika kila alichofanya. Ataandika nini? "Nilihesabu bodi", ukurasa baada ya ukurasa? Akienda kuombea usajili anaulizwa maamuzi ya kihandisi aliyofanya, anabaki kutoa macho. Kiwanda kimeshapata karani mwenye digrii kwa bei ya chee.

Vyuo navyo visijifiche. Mradi wa mwaka wa nne ni Arduino (kibodi cha kujifunzia) kwenye bredibodi ya kuchomeka nyaya bila solda, stensili anaiona kwenye picha. Lakini hilo linazibika kwa wiki mbili kwenye mashine ya kuchapa, wiki mbili kwenye oveni na kipima joto mkononi, na mwezi kwenye meza ya marekebisho akikagua viungo kwa darubini kwa kufuata IPC-A-610, kiwango cha kukagua bodi zilizounganishwa. Baada ya hapo mpeni ruhusa ya KUSIMAMISHA LAINI. Bila hiyo ruhusa yote mengine ni danadana.

NYONGEZA: Naona wadogo zangu mnauliza kwenye usaili muulize nini. Omba kuonyeshwa laini. Uliza kipimo cha joto cha bodi inayopita sasa hivi kilichukuliwa lini, na karatasi yake iko wapi. Uliza umeme ukikatika bodi zilizo ndani ya oveni zinatokaje, kwa sababu kama mkanda wa oveni hauko kwenye UPS, zinaungulia humo humo na mbeba lawama atakuwa wewe. Angalia kopo la solda kama lina kibandiko cha saa.

Mameneja mnaosoma kimyakimya, jibuni hapa chini: nywila ya oveni yenu anayo nani?