Picha ya babu na wenzake wa Burma

Mjukuu_Kisauni: Wadau naombeni msaada, babu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) akapelekwa Burma, siku hizi Myanmar, vita vya pili vya dunia, sasa tumepata picha yake kwa sanduku la bibi, kavaa ile kofia pana imekunjwa upande mmoja, kando yake Muhindi mwenye kilemba na kijana wa kizungu hata ndevu hajaota, wote wameshikana mabega. Nyuma pana jina la babu tu. Hawa wawili nitawajuaje?

Kaka_Likoni: Majina itakuwa kazi ndugu yangu. Lakini 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw, na Jeshi la 14 la Waingereza, ambalo divisheni hiyo ilikuwa chini yake, lilikuwa na Wahindi, Wagurkha (askari wa Nepali), Waingereza na Waafrika. Angalia beji ya begani, kichwa cha kifaru, yule mnyama, ndio alama ya divisheni ya kina babu.

Bint_Makadara: Wallahi imenigusa. Zile sanamu za askari Jomo Kenyatta Avenue hapa Mombasa nazipita kila siku, zile za vita vya kwanza, lakini huyu ana jina na mjukuu. Usiisugue picha, ipige skani mapema hii hewa ya chumvi isiimalize.

Mjukuu_Kisauni: Nimetazama na lenzi, kifaru yupo!