Yule wa "hili ni rahisi tu" leo kanicheka kwa PUA mbele ya watu wote!!!

Wakuu, nina hasira mpaka kikokotoo kinaniogopa. Mwalimu simtaji jina, mnamjua. Yule yule wa "hili ni rahisi tu, malizieni wenyewe".

Leo ilikuwa kiini cha heli-4: protoni mbili, nyutroni mbili, tafuta nishati inayokifunga. Jedwali la masi (kwa u, kipimo cha masi za atomu) kaleta mwenyewe: protoni 1.00728, nyutroni 1.00867, heli 4.00260. Nimejumlisha nne zote, 4.03190. Nimetoa, upungufu wa masi 0.02930. Nimezidisha kwa 931.5 kugeuza masi iwe nishati, MeV 27.3 (MeV ni kipimo cha nishati), safi kabisa. Nikampelekea karatasi. Akasoma kwa sauti, "ishirini na saba nukta tatu", halafu akacheka. Kwa pua! Mdomo hata hakuufungua!

Eti jibu ni 28.3, rudia. Kwa nini? Hasemi. Juzi kwenye mtanuko wa joto, reli ya chuma ya mita 30 imepanda nyuzi 35, nimeandika milimita 12.6, kakata alama, alitaka mita. Swali halikusema mita popote! Hilo nimesamehe. Ila mtu mzima, chaki mkononi, anacheka kwa pua? Kwa PUA, wakuu!

Bi Kikokotoo: Hahaha pole ndugu. Hiyo 4.00260 ni ya atomu nzima, elektroni mbili zimo humo. Zitoe, ubaki na 4.00151. Hiyo MeV moja unayoililia ndiyo elektroni zenyewe.

Mleta uzi: Jedwali limeandikwa "heli", basi. Ningejuaje kuna abiria ndani? Na mbona pua umeiruka?

Nusu Alama: Tupe sauti ya hicho kicheko tusikie wenyewe kabla ya kuhukumu.

Desimali Mbili: 27.3 unalia? Mimi nilikadiria mapema, protoni 1.01, nyutroni 1.01, heli 4.00. Ikaja MeV 37. Hakucheka hata, alikaa chini.

Nusu Alama: 😂😂😂 MeV 37! Wewe umeunda heli yako binafsi.

Chaki Nyeupe: Bora nyie. Mimi aliniuliza bamba la chuma lenye tundu likipashwa moto, tundu linakuwaje. Nikasema linabana. Akanikazia macho mpaka kipindi kikaisha.

Msomaji Kimya: Kwani halibani?

Bi Kikokotoo: Halibani! Linapanuka kwa uwiano uleule wa bamba, kama vile tundu nalo ni chuma. Ndiyo maana kifuniko cha bati kikigoma kwenye chupa unakimwagia maji moto.

Msomaji Kimya: Chuma kikitanuka kinaenda pande zote, na kuelekea tunduni kimo. Nafasi lazima ipungue. Mnadanganyana humu.

Chaki Nyeupe: Asante mkuu! Hicho ndicho nilichomwambia!

Mleta uzi: Jamani, uzi huu ni wa pua.

Bi Kikokotoo: Msomaji, chora duara katikati ya bamba zima lisilo na tundu. Lipashe. Duara limekua au limepungua? Sasa likate ulitoe.

Msomaji Kimya: ...

Desimali Mbili: Na tundu likiwa la pembe nne je?